Samaki 40 wa Mwanza, na safari ya dagaa hadi kwenye pakiti

Mwezi Machi 2013, watafiti walinunua samaki 40 kwenye soko la bandari ya Mwanza: sangara 20 na sato 20. Walikuwa samaki wa kawaida kabisa, waliovuliwa ziwani na kuletwa kusubiri mnunuzi, na kama si utafiti wangeishia kwenye sufuria za watu. Mpikaji angeanza kwa kuwatumbua na kutupa matumbo. Watafiti waliyataka matumbo yenyewe.

Walitoa njia yote ya chakula ya kila samaki, wakaiyeyusha kwa sodiamu haidroksaidi, kostiki ile ile ya watengeneza sabuni. Kostiki hula nyama, mafuta na ute, na plastiki nyingi huziacha zilivyo. Masalia yakachujwa, yakatazamwa kwa hadubini, na vipande vilivyotiliwa shaka vikamulikwa kwa mwanga wa infraredi. Kila aina ya plastiki hufyonza mwanga huo kwa namna yake, kwa hiyo mashine huweza kusema hiki ni polietilini, hiki ni poliesta, na hiki hapa ni gamba tu la mdudu.

Majibu yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la Journal of Great Lakes. Mwandishi wa kwanza alikuwa Fares Biginagwa, akiwa na Bahati Mayoma na wenzao wa Denmark: Farhan Khan na Kristian Syberg wa Chuo Kikuu cha Roskilde, pamoja na Yvonne Shashoua wa Makumbusho ya Taifa ya nchi hiyo, mtaalamu wa namna plastiki zinavyochakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa utafiti kuripoti mikroplastiki, yaani vipande vya plastiki visivyozidi milimita 5, katika Maziwa Makuu ya Afrika.

Kisa hiki hutajwa sana kama ushahidi kwamba ziwa limechafuka, na ni ushahidi kweli. Mimi nakichambua kwa swali jingine. Matumbo ya sangara hakuna mtu anayeyala. Basi plastiki inayofika kwenye sahani zetu inapitia wapi? Nikilifuata swali hilo hatua kwa hatua, naishia kwa samaki ambaye hakuwamo kabisa kati ya wale 40: dagaa aliyekaushwa, akafungwa kwenye pakiti na kupangwa kwenye rafu ya duka.

Hesabu ya 55, 35 na 20

Vipande vilivyoshukiwa kuwa plastiki vilipatikana kwa sangara 11 kati ya 20 na sato 7 kati ya 20, sawa na asilimia 55 na 35. Baada ya infraredi, idadi iliyothibitishwa ikashuka hadi asilimia 20 kwa kila aina: sangara wanne, sato wanne.

Tofauti hiyo inataka kusomwa kwa makini, kwa sababu kuna namna mbili za kuikosea. Mmoja atasema zaidi ya nusu ya sangara wana plastiki, akaacha neno "walioshukiwa". Mwingine atasema shaka nyingi zilikuwa za bure. Ukweli ni kwamba vipande kadhaa havikuweza kuthibitishwa kwa kuwa vilikuwa vidogo mno au vimechakaa mno, mashine ikashindwa kusoma saini yake sawasawa. Plastiki iliyopigwa na jua na mawimbi kwa miaka hubadilika usoni, na uso ndio mashine inaousoma. Kwa hiyo asilimia 20 ni kiwango cha chini kinachoweza kutetewa. Zaidi ya hapo kuna vipande ambavyo jicho na kichujio havikuviona kabisa, kwa udogo wake.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu tumeshapitia misimu ya hofu. Wengi tunakumbuka uvumi wa mchele wa plastiki, watu wakipiga tonge za wali chini ili zidunde, na wauzaji wakidhalilishwa bila kosa. Plastiki ndani ya chakula haijulikani kwa kudunda wala kwa kuchomwa kiberiti mbele ya kamera ya simu. Watu wenye maabara, kostiki na infraredi walikaa na samaki 40, na bado walikubali kwamba vipande vingi hawawezi kuviapia.

Sampuli yenyewe ilikuwa ndogo: soko moja, mwezi mmoja, samaki 40. Haitoshi kulisemea ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 68,000. Inatosha kuthibitisha kwamba jambo lipo.

Mji ulioingia tumboni

Orodha ya polimeri zilizothibitishwa inasomeka kama orodha ya vitu vya nyumba ya Mwanza: polietilini, poliyurethani, poliesta, mchanganyiko wa polietilini na polipropilini, na mpira wa silikoni. Polietilini ndiyo mifuko laini na vifungashio. Poliyurethani ni sponji ya godoro na ya makochi. Poliesta ni nguo, na pia chupa za maji na soda. Watafiti wenyewe walielekeza kidole kwenye taka za mjini na matumizi ya kila siku ya watu.

Anayeujua mji huo haoni ajabu. Mto Mirongo unakatiza katikati ya Mwanza na kumwaga ziwani kila kilichoangukia mitaroni, na mvua ikipiga kwenye vilima vile vya mawe hakuna kinachobaki mahali pake. Ufukweni watu wanafua, na kila fuo la nguo za poliesta hutoa nyuzi. Kisha kuna umbo la ziwa lenyewe: Ziwa Victoria lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Nile pale Jinja, na sehemu kubwa ya maji yake hutoka kwa kuvukizwa na jua. Maji yanapanda juu, plastiki inabaki chini. Kinachoingia humo hukaa.

Samaki wale walinunuliwa kabla ya Tanzania kupiga marufuku pombe za viroba, zile za vifuko vya plastiki, mwezi Machi 2017, na kabla ya marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 1, 2019. Kenya ilitangulia Agosti 2017, na Rwanda mwaka 2008. Marufuku hizo nazipenda na nimeona mitaro ikipumua baada yake. Hata hivyo zina mpaka unaohusu kisa hiki moja kwa moja: kanuni za Tanzania za 2019 ziliacha nje vifungashio vya plastiki vya bidhaa za viwandani, za kilimo na za usindikaji wa vyakula. Mfuko wa kubebea nyanya ulikatazwa, pakiti ya dagaa ikaruhusiwa. Uamuzi huo una sababu zake, maana chakula bila kifungashio huharibika. Ila matokeo yake ni kwamba plastiki inayogusana na chakula kwa miezi mizima ndiyo ambayo sheria haikuigusa.

Nani anakula nini

Sangara akifika kiwandani Mwanza hugawanywa. Minofu hukatwa, hupozwa au hugandishwa, hufungashwa na kusafirishwa nje. Mabondo, yaani vifuko vyake vya hewa, huuzwa kwa bei kubwa kwa soko la China. Vichwa na mifupa, yaani mapanki, hubaki kwa wenyeji na kukaangwa. Matumbo hutupwa. Kwa hiyo plastiki ile ya tumboni, iliyofanya kisa hiki kijulikane, haimfikii mlaji wa minofu kwa njia ya moja kwa moja. Plastiki inaweza kutoka tumboni ikapenya hadi kwenye msuli, lakini kinachoweza kupenya ni chembe ndogo mno, ndogo kuliko vile vipande vilivyohesabiwa Mwanza.

Kuna jambo jingine kuhusu minofu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya taarifa za watu kuvua kwa sumu. Pigo lilikuwa kubwa, na kutokana nalo ukaguzi ukajengwa: maabara, kumbukumbu za boti na za mwalo zinakoshushia samaki, vipimo vya mara kwa mara. Minofu inayokwenda Ulaya hupimwa kwa sababu mnunuzi ana nguvu ya kuikataa. Dagaa ni chakula chetu wenyewe, cha Mwanza, Kigoma, Dodoma, Bukavu na Bujumbura, na mnunuzi wake ni mama mwenye noti moja mkononi. Yeye hana uwezo wa kufunga mpaka. Naona hapo ndipo penye dhuluma ya kimya katika kisa hiki: samaki anayetumbuliwa na kuchunwa ngozi ndiye anayelindwa kwa maabara, na yule anayeliwa mzima, na utumbo wake, na macho yake, anaachiwa upepo.

Na dagaa hawa si samaki wa pembeni. Kwa uzito, ndio wanaoongoza siku hizi kwa kuvuliwa katika Ziwa Victoria. Wakenya huwaita omena, Waganda mukene.

Mchanga, nyavu, salfeti

Tumfuate sasa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa umefichika, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za umeme wa jua na betri. Nyavu zake zina matundu madogo sana na zimefumwa kwa nailoni. Kamba nyingi ni polipropilini au polietilini. Nyavu hukwaruzana na mbao za mtumbwi kila usiku, na nyuzi zinazokatika hazina pa kwenda isipokuwa majini au ndani ya samaki waliomo.

Alfajiri mitumbwi inatia nanga, na kazi inahamia kwa wanawake. Dagaa humwagwa kuanikwa. Kwenye mialo mingi ya visiwani huanikwa chini: juu ya mchanga, juu ya mawe, juu ya majani, au juu ya nyavu chakavu zilizotandazwa. Nyavu chakavu ni maendeleo ukilinganisha na mchanga, kwa sababu mlaji hachukii kitu kama mchanga kwenye dagaa, na bei ya dagaa wenye mchanga huanguka. Lakini nyavu iliyostaafu uvuvi, iliyopauka kwa jua la miaka, ni plastiki inayovunjika ukiishika. Dagaa wabichi huganda juu yake wakikauka, halafu hukwanguliwa au hukung'utwa. Vichanja, yaani meza za kuanikia zilizoinuliwa kutoka ardhini, vinavyohimizwa kila mahali kwa ajili ya usafi, mara nyingi hutandikwa nyavu hizo hizo. Mtu akijenga kichanja ameondoa kinyesi cha kuku na mchanga, jambo jema kabisa, na huenda ameongeza nyuzi za nailoni bila kujua.

Baada ya hapo ni magunia. Dagaa wakavu hushindiliwa kwenye salfeti, yale magunia yaliyofumwa kwa utepe wa polipropilini. Kila mtu aliyewahi kufungua salfeti iliyokaa juani anaujua unga mweupe unaobaki mikononi na vijiutepe vinavyochanika pembeni. Magunia hayo hupakiwa kwenye boti, hushushwa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, hukanyagwa, hupakiwa malori, husafiri siku kadhaa. Dagaa ana kingo kali, na ndani ya gunia linalotikisika barabarani anafanya kazi ya msasa.

Hatua ya mwisho ni pakiti. Gunia humwagwa mezani au kwenye turubai, dagaa hupepetwa, huchaguliwa, wakati mwingine huondolewa vichwa, hupimwa gramu 100, 250 au 500, huingizwa kwenye mfuko mwangavu wa polietilini na kuzibwa kwa joto. Lebo hubandikwa: wasafi, hawana mchanga, wameandaliwa kwa ustadi. Wengi wanaofanya kazi hii ni vikundi vya akina mama wanaojitahidi kweli, na pakiti zao ni safi kuliko fungu la barabarani. Siwatuhumu. Nasema tu kwamba kutoka wavuni hadi kwenye pakiti dagaa amegusana na plastiki mara tano au sita, na aliyemla hajui hata mara moja kati ya hizo.

Kilichoonekana kwingine

Hoja hiyo ya njiani ingebaki dhana tupu kama isingekuwa kazi ya Malaysia. Mwaka 2017, Ali Karami na wenzake walichapisha katika Scientific Reports uchunguzi wa samaki wakavu wa aina nne, samaki 30 kwa kila aina. Wawili kati yao tunawajua kwa majina yetu: kibua, yule yule Rastrelliger kanagurta anayevuliwa pwani yetu, na dagaa wa baharini wa jamii ya Stolephorus. Wa tatu ni wa jamii ya mkizi. Walitenganisha nyama iliyotumbuliwa na viungo vya ndani, wakapima kila kimoja peke yake. Katika vipande 61 walivyovitoa, asilimia 59 vilikuwa mikroplastiki.

Lililonishtua ni hili: kwa aina mbili kati ya nne, mmojawapo ni huyo wa jamii ya mkizi, nyama iliyotumbuliwa ilikuwa na plastiki nyingi kuliko viungo vya ndani. Utumbo, tunaoudhani ndio nyumba ya uchafu, ulikuwa na nafuu. Ikiwa plastiki yote ingetoka majini kwa kumezwa, tungetarajia kinyume chake. Sehemu yake inaweza kuwa imepenya kutoka tumboni, lakini maelezo yanayoniingia akilini zaidi ni kwamba nyama ile iliguswa, ilianikwa, ilipigwa na upepo, ilifungwa. Ilichafuka baada ya kifo. Waandishi wenyewe walionya kwamba kumtumbua samaki hakumwondolei mlaji hatari hiyo.

Kundi hilo lilipogeukia makopo, picha ikawa tofauti. Katika utafiti wa 2018 walifungua chapa 20 za dagaa na sardini wa kopo kutoka nchi 13 za mabara manne. Chapa 16 hawakukuta mikroplastiki. Nne zilizobaki zilikuwa na kati ya kipande kimoja na vitatu, vingi vikiwa polipropilini na PET, ile poliesta ya chupa za maji. Walitaja sababu tatu zinazowezekana: kupenya kutoka tumboni, kutotumbuliwa vizuri, na uchafuzi wa kiwandani. Walikiri kwamba kwa kiwango hicho hatari inaonekana ndogo, wakapendekeza upimaji wa plastiki uingizwe kwenye mifumo ya usalama wa chakula kabla kiwango hakijapanda.

Kopo lina bati, lina mstari wa kiwanda, na samaki wake hajaanikwa mahali. Naona kuna somo katika tofauti hiyo, ingawa sidai kwamba tafiti mbili za samaki tofauti zinaweza kuwekwa kwenye mzani mmoja.

Kuhusu kifungashio chenyewe ushahidi ulio wazi zaidi umetoka kwenye nyama. Nchini Ufaransa, Kedzierski na wenzake walionyesha mwaka 2020 kwamba nyama ya kuku iliyofungashwa kwenye sahani za polistirini ilikuwa na chembe za polistirini hiyo hiyo, na hazikuwa rahisi kuondoka kwa kusuuza. Huko Falme za Kiarabu, watafiti walikuta polietilini kwenye kuku na samaki waliokatwa buchani na madukani, wakaifuatilia hadi kwenye mbao za plastiki za kukatia. Katika visa vyote viwili bahari haikuhusika. Kisu na sahani vilitosha.

Je, kinadhuru?

Hapa nitakuwa mwangalifu, kwa sababu hofu ikizidi tutawanyima watoto dagaa, na hilo ni dhara ambalo halina shaka yoyote.

Mwaka 2016 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, EFSA, ilieleza kwamba vipande vinavyozidi mikromita 150 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) huelekea kupita tumboni na kutoka kwenye haja. Vidogo kuliko hapo vinaweza kufyonzwa kwa kiasi kidogo sana, na ni vile vidogo kabisa, visivyozidi mikromita 1.5, vinavyoweza kufika ndani ya viungo. Kwa kipimo hicho, vipande vya matumbo ya Mwanza, ambavyo vilionekana kwa hadubini ya kawaida, ndivyo vyenye uwezekano mdogo wa kudhuru. Vinavyostahili wasiwasi ni vile ambavyo utafiti ule haukuwa na kifaa cha kuviona.

Mwaka 2018 Catarino na wenzake wa Scotland walipima kome, kisha wakapima vumbi linaloangukia sahani wakati wa chakula cha jioni nyumbani. Mlaji wa kome Uingereza alikadiriwa kupata vipande 123 kwa mwaka kutokana na kome, na maelfu kwa makumi ya maelfu kutokana na vumbi la mazulia na nguo. Samaki hayuko peke yake kizimbani.

Upande wa pili, mwezi Machi 2024 madaktari wa Italia walichapisha katika New England Journal of Medicine habari za wagonjwa 257 waliotolewa utando wa mafuta kwenye mishipa ya shingo. Kwa 150 kati yao utando ulikuwa na polietilini, na waliokuwa na plastiki walipata shambulio la moyo, kiharusi au kifo mara nne na nusu zaidi ya wasio nayo katika kipindi cha ufuatiliaji. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba plastiki ndiyo iliyosababisha, na hausemi iliingia kwa chakula au kwa hewa. Unanitosha kuniondolea usemi wa "inapita tu".

Dagaa ana kalsiamu, chuma, zinki, vitamini A na B12, kwa bei ambayo hakuna nyama inayoifikia. Mtu akiniuliza leo ale au asile, namwambia ale. Kinachonikosesha usingizi ni unga wa lishe. Dagaa husagwa wakiwa wazima, wakachanganywa na mahindi, soya na karanga, wakapikiwa uji wa mtoto wa miezi minane. Hapo hakuna kuchambua. Kila kilichokuwa juu ya dagaa na ndani yake kinasagwa pamoja naye, na kipande cha mikromita 300 kikipita kwenye kinu kinaweza kutoka vipande vingi vidogo zaidi. Mtoto huyo anakula kwa uzito wa kilo nane.

Jikoni, desturi zetu zina akili ndani yake. Kuchambua dagaa, ukikata kichwa na kuvuta utumbo ukafuatana nacho, hupunguza kilichomezwa. Kuosha kwa maji ya moto mara mbili au tatu, tulikofundishwa kwa ajili ya mchanga, kuna uwezekano wa kuondoa sehemu ya kilichogandia juu. Kwa mchele jambo hili limepimwa: huko Queensland, Australia, kuosha kulipunguza plastiki kwa asilimia 20 hadi 40. Dagaa si mchele, ana mikunjo na mafuta, kwa hiyo namba hiyo siwezi kumvisha. Ila sioni hasara ya kuosha. Kwa wanaosaga unga wa lishe, ningeomba dagaa wachambuliwe na kuoshwa kabla ya kuanikwa tena na kusagwa, japo kazi inaongezeka.

Mahali pa kupimia

Vipimo vya dagaa mkavu anayefungashwa huangalia unyevu, mchanga, chumvi, bakteria na ukungu. Hayo ni ya lazima na yaendelee. Tangu 2019, kazi ya usalama wa chakula iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, iko TBS, shirika la viwango, na Nyegezi, hapo hapo Mwanza, kuna maabara ya taifa ya ubora wa samaki iliyokuzwa na biashara ya minofu. Ziwa lipo jirani, Mwaloni Kirumba upo jirani, wafungashaji wapo jirani. Kisa cha 2013 kinaweza kukamilishwa na watu wanaoweza kwenda kazini kwa daladala.

Ningeanza hivi. Wachukuliwe dagaa wa usiku mmoja kutoka mtumbwi mmoja, wagawanywe. Fungu la kwanza lipimwe likiwa bichi mwaloni, kabla halijagusa chini. La pili lipimwe baada ya kuanikwa: nusu juu ya nyavu chakavu, nusu juu ya waya au mkeka. La tatu baada ya kukaa kwenye salfeti na kusafiri hadi Dodoma na kurudi. La nne baada ya miezi mitatu kwenye pakiti iliyozibwa, kwa sababu hiyo ndiyo hali anayoikuta mnunuzi. Fungu likipanda ghafla kati ya hatua mbili, hapo ndipo penye kazi ya kufanya, na kazi hiyo huenda ikawa rahisi kuliko kulisafisha ziwa: kubadilisha kitandiko cha kichanja, kuacha kurudia salfeti zilizochoka, kuweka karatasi kati ya dagaa na mfuko.

Pembeni ya meza iwekwe sahani tupu ya kioo, wazi, kwa muda wote wa kazi, ili vumbi la chumba na nyuzi za koti la mpimaji vihesabiwe na kutolewa kwenye jumla. Na kabla ya kufungua dagaa hata mmoja, kikatwe kipande cha nyavu, kipande cha kamba, uzi wa salfeti na kona ya pakiti, kila kimoja kisomwe kwa infraredi na rangi yake iandikwe. Kamba na salfeti zote zinaweza kuwa polipropilini, na bila rangi na umbo lake hakuna mashine itakayosema uzi uliokutwa kwenye dagaa umetoka mtumbwini au kwenye gunia.